Taa ya injini ni dalili, si hukumu

Umezuka mtindo katika karakana zetu ambao haufai kunyamaziwa. Gari likianza kukohoa na taa ya manjano yenye umbo la injini ikawaka kwenye dashibodi, fundi huchomeka kijikompyuta chake chini ya usukani, husoma nambari inayojitokeza, kisha humtuma mwenye gari dukani akanunue kipuri. Kipuri kikishafungwa na taa ikaendelea kuwaka, mwenye gari hutumwa tena akanunue kingine. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyofilisika kidogo kidogo, huku wakiamini kwamba wanahudumiwa na sayansi.

Nataka kulijadili jambo hili kwa kuitazama hitilafu moja tu, inayojulikana kote ulimwenguni kwa nambari P0171, pamoja na pacha wake P0174. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, huyasumbua sana magari ya petroli ya kifahari yanayotufikia hapa Garissa yakiwa yamekwisha kuzeeka. Pili, ni mtihani mzuri wa akili, ambao mwalimu wa fizikia au kemia anaweza kuupeleka darasani kesho asubuhi bila kuhitaji maabara ya gharama.

Yamkini msomaji atauliza, magari ya kifahari yana uhusiano gani na Kaskazini Mashariki, nchi ya ngamia, malori na Land Cruiser? Aliyewahi kusimama kando ya soko la mifugo la Garissa hatauliza swali hilo. Sheria za Kenya huruhusu gari kuukuu liingizwe nchini maadamu umri wake haujapita miaka 8. Gari lililokuwa la mkurugenzi huko Japani au Uingereza huteremshwa Mombasa, likatumiwa Nairobi na tajiri wa kwanza, likauziwa wa pili, na hatimaye bei yake inapolingana na ya ngamia kadhaa, likanunuliwa na mfanyabiashara wa huku kwetu. Bei hushuka kila mara gari linapobadilisha mikono, lakini ugumu wa mashine haushuki. Injini iliyobuniwa na wahandisi wa Stuttgart hujikuta chini ya mwarobaini, mbele ya kijana mwenye spana, bisibisi na ujasiri.

Tuanze na nambari yenyewe, kwa sababu wengi huiogopa kama hirizi ilhali inasomeka. Herufi P huonyesha kwamba hitilafu imo katika injini au giaboksi. Sifuri ni ishara kwamba nambari hiyo ina maana moja kwa magari ya viwanda vyote. Tarakimu 1 hutaja kundi la upimaji wa mafuta na hewa. Tarakimu mbili za mwisho, 71, hutaja kosa lenyewe: mchanganyiko hafifu katika upande wa kwanza wa injini. Zikiwa 74, kosa ni lile lile katika upande wa pili, kwa injini ambazo silinda zake zimegawanywa makundi mawili. Marekani ilishurutisha utaratibu huu kwa magari mapya kuanzia yale ya 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mchanganyiko hafifu ni ule ambao hewa imezidi na petroli imepungua. Lakini imezidi kuliko kiasi gani? Hapa mwanafunzi wa kemia anaweza kumsaidia fundi. Tuchukue okteni, ambayo vitabu vyetu huitumia kama kielelezo cha petroli. Gramu 114 za okteni huhitaji gramu 400 za oksijeni ili ziteketee zote. Kwa kuwa oksijeni ni kama asilimia 23 tu ya uzito wa hewa, tutahitaji zaidi ya gramu 1,700 za hewa, yaani karibu mara 15 ya uzito wa mafuta. Petroli halisi ni mseto wa viowevu vingi, na uwiano wake huchukuliwa kuwa 14.7 kwa 1. Hewa ikizidi hapo kupita kiasi, moto ndani ya silinda huwa dhaifu. Gari hutetemeka likiwa limesimama, hukosa nguvu mlimani, na mara nyingine huzimika kabisa. Injini ikilazimishwa kubeba mzigo mkubwa katika hali hiyo, inaweza kugonga na hata kuunguza pistoni.

Katika enzi ya Peugeot 504 zilizosafirisha abiria kote nchini, uwiano huo ulitunzwa na kabureta. Fundi alitega sikio, akazungusha skrubu kidogo, akasikiliza tena. Sikio lake ndilo lililokuwa kipimo. Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1976, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipotoa kipima oksijeni, kikafungwa kwanza katika magari ya Volvo. Kifaa hicho hukaa ndani ya bomba la ekzosi na kuunusa moshi unaotoka. Kile cha aina ya kawaida hutoa umeme wa karibu volti 0.9 oksijeni inapokuwa haba, na karibu volti 0.1 inapozidi. Kompyuta ya gari hupokea habari hizo na kuongeza au kupunguza mafuta mara kwa mara, bila dereva kujua lolote.

Marekebisho hayo huhesabiwa kwa asilimia. Kompyuta ikiongeza mafuta kwa asilimia 3 au 5, hilo ni jambo la kawaida. Ikilazimika kuongeza mpaka asilimia 20 au 25, ambapo ndipo mipaka ya magari mengi ilipo, na bado kipima oksijeni kinalia kwamba hewa imezidi, kompyuta hukata tamaa na kuwasha taa. Kwa hiyo nambari P0171 ni ungamo la kompyuta: nimeongeza mafuta kadiri nilivyoruhusiwa, wala sioni mabadiliko. Haisemi hewa imetoka wapi. Haisemi mafuta yamekwama wapi. Wala haisemi kwamba kipima oksijeni kimeharibika.

Hapa ndipo kosa letu kuu lilipo. Fundi husoma habari iliyoletwa na kipima oksijeni, kisha hukitupa kipima oksijeni chenyewe! Wazee wetu walisema mjumbe hauawi. Sisi katika karakana zetu tunamwua mjumbe kila siku, halafu tunamtoza mwenye gari gharama ya mazishi.

Chanzo cha mchanganyiko hafifu chaweza kuwa mojawapo ya mambo manne. La kwanza ni hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia katika injini kupitia ufa au gasketi iliyochoka, bila kupita mbele ya kipimo cha hewa. La pili ni kipimo hicho chenyewe kudanganya kwa sababu kimefunikwa na uchafu, kikahesabu hewa chache kuliko iliyoingia. La tatu ni mafuta kutofika: pampu imechoka, chujio limeziba, au nozeli zimezibwa na uchafu. La nne ni ufa katika ekzosi kabla ya kipima oksijeni, unaoruhusu hewa ya nje kuvutwa ndani na kukihadaa kifaa kisicho na hatia. Au, mara chache zaidi, kifaa hicho kuharibika kweli.

Mazingira yetu huyachochea mambo hayo yote. Joto la Garissa mara nyingi hupita nyuzi 35, na chini ya boneti ya gari la kifahari, iliyojaa vifuniko vya plastiki, joto ni kali zaidi. Mipira ya hewa iliyotengenezewa baridi ya Ulaya hukauka, ikawa migumu kama ngozi mbichi iliyoanikwa, kisha ikapasuka. Vumbi la njia za Wajir na Mandera hupenya pale chujio la hewa lisipoketi sawasawa, likajipaka kwenye waya mwembamba wa kipimo cha hewa. Petroli inayouzwa kwa mitungi kando ya njia huja na maji na mchanga wake.

Nilishuhudia mjini Garissa kisa ambacho kinaeleza haya vizuri kuliko hoja zangu. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, jirani yetu, alikuwa na Mercedes-Benz E 240 yenye silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Taa iliwaka, na nambari zote mbili, P0171 na P0174, zikasomwa. Karakana ya kwanza ilimbadilishia vipima oksijeni viwili, kisha plagi zote kumi na mbili. Taa ilifutwa, ikakaa siku tatu, ikarudi. Akaambiwa sasa ni pampu ya petroli, naye akaanza kutafuta fedha. Kabla hajazipata, alilazimika kumpeleka mama yake Nairobi kutibiwa macho. Gari lilizimika walipokuwa njiani baada ya Ukasi, likakataa kutulia. Ajuza yule alikaa chini ya mgunga kwa saa kadhaa, katika jua la mchana, hadi basi lenye nafasi lilipopita. Siku ya kliniki ikampita.

Gari lilipokokotwa hadi nyumbani, aliitwa fundi mwingine, kijana aliyesomea ufundi wa magari chuoni. Nilikuwapo. Hakushika spana. Alichomeka chombo chake, akauliza, "Haji, nambari hizi zilitokea zote mbili kwa wakati mmoja?" Alipojibiwa kwamba ndivyo, akasema kwamba basi ugonjwa uko mahali ambapo pande zote mbili zinakutana. Vipima oksijeni viwili, kila kimoja na upande wake, haviwezi kufa siku moja kama waliopatana.

Kisha akafungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta, ambao mafundi wengi hawaufungui kamwe. Injini ikiwa imepata joto na kunguruma bila kukanyagwa, upande mmoja ulionyesha kwamba kompyuta imeongeza mafuta kwa asilimia 27, na wa pili asilimia 26. Akaniomba nikanyage mafuta taratibu mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na kuituliza hapo. Tarakimu zikaanza kushuka: 18, 11, 6. Kijana akatabasamu. "Haji, pampu yako ni nzima," alisema. "Kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma."

Alijuaje? Mwalimu anayetaka kulieleza jambo hili darasani na awatazame akina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni. Kikombe kimoja cha maji kikitiwa ndani ya vikombe viwili vya maziwa, hata mtoto ataonja maji. Kikombe hicho hicho kikitiwa ndani ya debe zima, ni mnunuzi hodari tu atakayetambua. Injini isiyokanyagwa huvuta hewa kidogo, hivyo hewa ya wizi inayopenya katika ufa huwa sehemu kubwa ya hewa yote. Injini inapokanyagwa huvuta hewa nyingi kupitia njia halali, na mvuto ndani ya manifoldi hupungua, kwa hiyo wizi ule ule huonekana mdogo. Tarakimu kubwa injini ikipumzika na ndogo inapokimbia ni alama ya ufa.

Lau mambo yangekuwa kinyume, yaani asilimia 3 injini ikipumzika na 25 gari likipanda mlima na mzigo, fundi angeacha kutafuta ufa. Angepima mgandamizo wa petroli kwa geji ili kujua kama pampu na chujio vinatosheleza, kisha angekagua kipimo cha hewa, ambacho uchafu hukifanya kipunje zaidi hewa inapokuwa nyingi. Kipimo hicho nacho kina ushahidi wake: injini nzima yenye joto, isiyokanyagwa, huvuta takriban gramu 1 ya hewa kwa sekunde kwa kila lita ya ukubwa wake. Na nambari ingejitokeza upande mmoja tu, macho yangeelekezwa kwenye ekzosi, gasketi, nozeli na kipima oksijeni cha upande huo.

Kijana aliondoa kifuniko cha plastiki juu ya injini, akapitisha vidole kwenye mipira inayorudisha mvuke wa oili katika manifoldi. Mmoja ulikuwa umepasuka upande wa chini, usikoonekana kwa jicho. Mpira mpya uliagizwa kutoka Nairobi, na bei yake haikufikia hata nauli ya basi lililouleta. Baada ya siku chache za kuendeshwa, tarakimu zilitulia kwenye 3 na 4. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi karibu tungejenga ukuta wa vipima oksijeni, plagi na pampu.

Sisemi kwamba kipima oksijeni hakiharibiki. Huharibika, hasa kikipata moshi wa oili au gundi isiyofaa ya gasketi. Lakini nacho kina haki ya kupimwa kabla ya kuhukumiwa: mchanganyiko ukiongezewa mafuta kwa makusudi, kifaa kizima cha aina ile ya kawaida hupanda upesi hadi karibu volti 0.9. Wala simshauri mtu kutafuta ufa kwa kunyunyizia petroli kwenye injini yenye moto, kama wafanyavyo wengine. Magari yameteketea kwa njia hiyo. Zipo mashine za kupuliza moshi katika njia ya hewa ili ufa ujifichue, na asiye nayo anaweza kutumia kipande cha mpira sikioni kusikiliza mluzi wa hewa, akijihadhari na feni na mikanda.

Nani alaumiwe kwa vipuri vinavyotupwa bure? Ni rahisi kumlaumu fundi wa kwanza, lakini haki inatutaka tujitazame pia sisi wenye magari. Tunamlipa fundi kwa kufunga kipuri, hatumlipi kwa kufikiri. Akitumia saa mbili kupima na kuandika tarakimu, kisha akaomba malipo ya uchunguzi, tunamwita mwizi: "Umefanya nini? Hujafungua hata nati moja!" Akibadilisha kifaa kisicho na kosa kwa dakika kumi, tunalipa bila kunung'unika kwa sababu tumekiona kitu kipya kinang'aa. Tumewafundisha mafundi wetu kwamba kukisia kuna faida kuliko kuchunguza, nao wameelewa somo.

Shule nazo hazina budi kujitetea. Mwanafunzi anaweza kupita mtihani wa kemia kwa kukariri mlinganyo wa mwako bila kujua kwamba mlinganyo huo ndio unaowasha taa katika gari la mjomba wake. Sasa kwa kuwa shule za sekondari ya msingi zina somo la ufundi tangulizi, na hapa Garissa tuna Chuo cha Kitaifa cha Anuwai cha North Eastern, hatuna kisingizio. Mwalimu na aandike ubaoni tarakimu mbili: asilimia 27 injini ikipumzika, asilimia 6 inapokimbia. Kisha aulize: utaanza kupima nini, na kwa nini? Alama zitolewe kwa hiyo "kwa nini". Atakayetaja kipuri bila sababu asipate kitu, hata kama amebahatisha.

Walimu wenzangu, somo hili halikomei chini ya boneti. Mwanafunzi anapopata alama 20 kwa 100 katika hisabati, alama hiyo nayo ni nambari ya hitilafu. Inatuambia kwamba mchanganyiko ni hafifu, haituambii ufa uko wapi. Huenda alishinda na njaa. Huenda alifuata mifugo ya jamaa zake kwenye malisho kwa miezi miwili. Huenda hakuwa na mwalimu. Mnamo Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, Tume ya Huduma kwa Walimu iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na madarasa mengi yakabaki bila mtu wa kusimama mbele. Kumwita mtoto wa darasa kama hilo mjinga ni kumwua mjumbe aliyeleta habari za kweli.

Basi natoa rai tatu. Wenye magari wakubali kulipia uchunguzi, na wadai kuonyeshwa tarakimu za kabla na za baada ya matengenezo. Mafundi waandike walichopima kabla ya kutaja kipuri chochote. Walimu wawazoeze vijana wetu kuuliza chanzo kabla ya kutoa jibu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hakuna mchungaji wa Kaskazini Mashariki anayehamisha mifugo yake kwa kuliona wingu moja tu. Huutazama upepo, hunusa ardhi, huwauliza waliotoka huko, ndipo huamua. Akili hiyo tunayo tangu zamani. Tuitumie karakanani na darasani.